Fundi Shutu na Mashine Iliyokufa Kila Ijumaa

Pale Kona ya Musa, Ukunda, ukiuliza kwa fundi wa redio hutaambiwa utazame kibao wala rangi ya mlango. Utaambiwa: "Mtafute mtu aliyejifunga waya shingoni." Nawe ukifika utamkuta kweli: mwanamume mwembamba wa makamo, kofia ya viua ameisukuma kisogoni, ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, na waya wa redio hiyohiyo umemzunguka shingo, plagi ikimning'inia kifuani kama hirizi.

Huyo ndiye Iddi Shutu, mzaliwa wa Majoreni. Hakuwa na wazimu. Alikuwa na sababu, nayo ilimpata Likoni alipokuwa angali akijifunza kazi. Siku hiyo alikuwa ametia vidole ndani ya amplifaya iliyokuwa ikingojewa arusini, mwenyewe amesimama ubavuni akimwangalia. Mwenye amplifaya alikuwa mtu mwema. Alipoona fundi anakodoa macho kwa sababu ya giza, alifikiri kwamba akiichomeka kwenye umeme, ile taa yake ndogo ya mbele itamsaidia kuona. Akaichomeka. Shutu alipopata fahamu alijikuta ameketi mapajani mwa mtu mwema, naye mtu mwema akimwuliza kama sasa anaona vizuri.

Tangu hapo akajiwekea sheria. Kabla bisibisi haijagusa skrubu, plagi itoke ukutani, na ikitoka isiachwe chini wala mezani, maana duniani watu wema ni wengi. Ivaliwe shingoni. Na hata baada ya kuivaa hakuwa na haraka. Aliagiza kahawa, akainywa polepole, akiuachia muda umeme uliobaki tumboni mwa mashine uishe wenyewe. Wateja wapya walidhani ni mvivu. Wateja wa zamani waliagiza kahawa nao.

Tahadhari hiyo ilimwenea maisha yake yote. Samaki alimchambua mpaka akapoa. Barabara ya Ukunda aliitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, hata asubuhi ya Idi ambapo magari yote yamelala. Na alipompenda Mbeyu, alikaa na mapenzi hayo masika baada ya masika bila kuyagusa, kana kwamba nayo yalikuwa na umeme uliobaki ndani.

Mbeyu alikuwa mshonaji wa nguo, mkaaji wa Msambweni, aliyeachwa mapema na mume aliyekwenda Tanga kwa biashara akasahau njia ya kurudi. Siku ya kwanza alifika Ukunda akiwa na redio ya mama yake ndani ya kikapu. Akamtazama fundi, akautazama waya.

"Fundi, waliokufunga wamekwenda wapi?"

"Nimejifunga mwenyewe," akajibu Shutu.

"Basi wewe ni mbuzi wa kwanza kujishikia kamba."

Shutu aliitengeneza ile redio vizuri mno, kwa bahati mbaya. Haikuharibika tena, na Mbeyu hakuwa na sababu ya kurudi.

Mambo yakakaa hivyo mpaka mwaka wa tisini na nane, mvua kubwa za El Niño zilipokatika na barabara ya Msambweni ikapitika tena. Mwaka huo Bwana Sharif, mjomba wake Mbeyu, mkuu wa wahudumu wa chakula katika hoteli moja ya Diani, alipewa zawadi na Mjerumani mzee aliyekuwa akifunga nyumba yake ili arudi kwao. Zawadi yenyewe ilikuwa mashine ya kupigia CD: nyeusi, ya mviringo, yenye kifuniko kinachofunguka juu kama cha sufuria, na matundu madogo chini ya tumbo ya kutolea joto. Sharif hakuwa na nafasi nayo chumbani kwake hotelini. Akampelekea dada yake, Bi Maimuna, mama yake Mbeyu.

Bi Maimuna alikuwa mpishi wa udi. Udi wake ulijulikana tangu Gazi hadi Vanga. Aliupika kwa sukari, kwa marashi ya mawaridi na kwa vitu vingine ambavyo hata binti yake hakupata kutajiwa. Wateja wake walikuwa wanawake, na walikuja Ijumaa baada ya swala. Bi Maimuna alikuwa na CD moja tu, ya kasida, aliyoletewa na jamaa kutoka Maskati, na alipoanza kuwapigia wageni wake kasida hiyo huku wakinusa udi, baraza yake ikawa haina nafasi ya kuweka mguu.

Kisha Ijumaa moja, mbele ya wote hao, mashine ikazunguka, ikazunguka, ikanyamaza.

Sharif akaibeba hadi Kona ya Musa. Shutu alipoambiwa inatoka nyumba gani, aliagiza kahawa mbili.

Kando ya kibanda cha Shutu alikuwapo Trevor, kijana wa kutoka bara, muuzaji wa kanda za muziki, mtu asiyeweza kuona kitu kikifunguliwa asitie kichwa.

"Hebu nicheki hiyo laser, bosi," akasema, shingo tayari imefika.

Shutu akaiziba mashine kwa kiganja. "Rudi nyuma. Mwali wenyewe huuoni, na jicho likiungua halikwambii. Utajua siku utakapomwamkia mbuzi shikamoo ukidhani ni mkweo."

"Lakini si umechomoa?"

"Nimechomoa. Najizoeza kukuziba wewe kabla sijachomeka."

Akamweleza Sharif, ambaye alipenda kuelezwa mambo. Ndani kuna kijicho kidogo cha kioo, kinaitwa lenzi. Mwali unapita hapo, unakwenda kuisoma CD, unarudi. Chini ya kifuniko kuna swichi ndogo: ukifunua, mwali unazimwa. Wapo mafundi wanaoibana swichi hiyo kwa njiti ya kiberiti ili mashine idhani imefunikwa, wapate kuchungulia inavyofanya kazi. Yeye hakufanya hivyo, wala hakukaa karibu na anayefanya. Akachukua pamba kidogo juu ya kijiti, akaitia tone la spiriti, si marashi, si mafuta ya nazi, wala si pumzi ya mdomo ambayo huja na mate yake. Akaipangusa lenzi taratibu kama anayempangusa mtoto mchanga tongotongo, akangoja spiriti ikauke, akafunika, akavua waya shingoni, akachomeka. Kasida ikapaa juu ya Kona ya Musa hata makondakta wakanyamaza kidogo.

Sharif akafurahi. Shutu naye, kwa ujasiri uliomshangaza mwenyewe, wiki hiyohiyo akamtuma ami yake Msambweni kuulizia kama akipeleka posa ya Mbeyu itapokewa.

Jibu lilikuwa la Sharif, maana katika nyumba ile neno la mjomba ndilo lililofunga shauri. Na kabla jibu halijatoka, Ijumaa ikafika, na mashine ikafa tena mbele ya wanawake walewale.

"Mwambie fundi hivi," Sharif akamwambia ami. "Sina swali la ukoo wala la dini. Nina swali la ufundi. Mashine ile ipige kutoka Ijumaa hadi Ijumaa bila kunyamaza. Ikipiga, alete posa. Isipopiga, atafute nyumba yenye redio."

Trevor aliposikia sharti hilo alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani, bosi, unapewa mke kwa waranti ya wiki moja."

Shutu hakucheka. Akatia vifaa vyake mfukoni, akaenda Msambweni.

Sasa, hebu fikiri hali yake. Mtu anayetaka kuposa hakai sebuleni kwa mkwe akila mikate ya mofa na kuulizwa habari za Majoreni. Huonekana kwa mbali na hutumiwa wazee. Lakini fundi ni fundi: mashine ikifa, aitwe. Kwa hiyo Shutu akawa anaingia na kutoka katika nyumba ile kama mtu wa nyumbani, Mbeyu akiwa barazani kwenye cherehani yake, naye chumbani na plagi yake shingoni, kila mmoja akisikia mlio wa kazi ya mwenzake. Aliisafisha lenzi. Mashine ikapiga. Akarudi Ukunda. Ijumaa, wageni walipojaa, ikanyamaza. Akaitwa tena.

Alianza kutafuta mkosaji. Kwanza aliushuku umeme wa Msambweni, unaopanda na kushuka upendavyo. Akafunga kifaa cha kuutuliza. Mashine ikafa Ijumaa. Akashuku chumvi ya bahari. Akahamisha meza mbali na dirisha. Ikafa Ijumaa. Akashuku mjusi, kwa sababu alimwona mmoja ukutani mwenye uso wa kujua jambo. Akafungua mashine yote, akakuta hakuna mjusi wala yai lake. Alichokikuta kila mara ni utando mwembamba juu ya lenzi, wa rangi ya chai nyepesi, unaonata. Haukuwa vumbi, wala haukuwa chumvi. Aliufuta, akavitia vijiti vya pamba ndani ya kibweta chake cha bati, akafikiri.

Siku ya mjusi ndiyo Sharif alipoingia bila kubisha, akamkuta amepiga magoti, kichwa ndani ya mashine, shingo imefungwa kwayo.

"Dada," Sharif akaita, "naona posa imekwisha kuletwa, na kamba yake."

Shutu akajaribu kusimama kwa adabu ili amwamkie, mashine ikamfuata. "Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Kaa usije ukaniangushia mali. Mimi nakuuliza jambo moja, nawe unijibu kiungwana. Huko Ukunda mashine inapiga?"

"Inapiga."

"Hapa ukiwapo inapiga?"

"Inapiga."

"Ukiondoka inakufa. Msambweni nzima inasema unaiacha na ugonjwa mdogo kusudi, upate kurudi kunywa chai ya dada yangu."

Barazani cherehani ikasimama. Shutu alihisi masikio yanawaka. "Bwana Sharif, ningekuwa naiharibu mimi, ningeiharibu Jumatatu. Ijumaa ndiyo inayoninyima mke."

Sharif akafikiri. Lilikuwa jibu zuri, naye hakulipenda. "Basi sikiliza. Ijumaa ijayo ndiyo ya mwisho. Ikinyamaza hiyo, tusizungumze tena."

Bi Maimuna aliingia na sinia la chai, akamwonea huruma. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti laini na uhakika mwingi. "Msimlaumu kijana. Hii ni husuda. Wanawake wanakuja hapa, wanaisikia kasida, wanatoka wameikodolea macho. Kitu kipya hakikai mbele za watu bila kinga. Lakini usitie shaka, mwanangu. Dawa yake naijua, na kila inapokufa naiongeza."

Shutu alishukuru. Alidhani ni kisomo. Hakuuliza, maana mtu hamhoji mkwewe habari za dua zake.

Siku iliyofuata, Kona ya Musa, Trevor alileta ushauri ambao hakuombwa.

"Maze, bosi, wewe unajitesa. Kuna ile skrubu ndogo kando ya lenzi, si ndiyo?"

"Ipo."

"Izungushe kidogo tu. Mwali unapata nguvu, unapita hata kwenye uchafu. Mi nimeona jamaa wa Mombasa akifanya. Ile kitu inapiga kama wazimu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka uoe."

 Shutu alikuwa anaijua skrubu hiyo. Ukiizungusha, mwali unawaka kwa nguvu kuliko ulivyoundiwa, mashine inapiga kwa furaha, kisha siku moja inakufa kabisa, na hapo hakuna pamba wala spiriti itakayoirudisha. Inapiga kutoka Ijumaa hadi Ijumaa, bila shaka yoyote. Pengine na Ijumaa kadhaa za ziada, zinazotosha posa, mahari na arusi. Akaichukua bisibisi ndogo kuliko zote, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Akajiona ameketi na mkewe Msambweni, siku mashine itakapokufa, Bi Maimuna akimwambia kwa sauti yake laini, "Mwanangu, hebu itazame."

Akaishusha bisibisi. "Siwezi kumdanganya mama mkwe kabla hajawa mama mkwe," akasema.

"Utamdanganya lini sasa?"

 Shutu alikuwa amekwisha fungua kibweta cha bati ili aiweke bisibisi mahali pake, na kutoka kibwetani ikatoka harufu. Trevor naye akainua pua.

"Nani anaoa hapa?"

Shutu akachukua kijiti kimoja cha pamba ya kahawia, akakisogeza puani. Spiriti ilikuwa imekwisha ruka siku nyingi, na kilichobaki kwenye pamba kilikuwa sukari, mawaridi na kitu kingine ambacho hakikutajwa kwa mtu. Kule Msambweni hakuweza kukinusa, kwa sababu katika nyumba ile kila kitu kilinukia hivyo: mapazia, mikate, hata mjusi bila shaka. Akakaa na kijiti mkononi, kahawa yake ikapoa, na samaki wake wa mchana akapoa kupita kiasi.

Ugunduzi huo haukumfurahisha. Kama mkosaji angekuwa umeme, angemshtaki. Mjusi angemfukuza. Lakini sasa ilimbidi aende kwa mwanamke ambaye yeye anataka kumposa bintiye, mwanamke ambaye fahari yake yote duniani ni udi, amwambie kwamba udi huo ndio unaomuua mgonjwa. Akinyamaza, mashine itanyamaza, na Mbeyu amekwenda. Akisema, huenda asiruhusiwe hata kufika Ijumaa. Alitazama jambo hilo kulia, akalitazama kushoto, akalitazama kulia tena. Kote kulikuwa na gari.

Alhamisi alasiri, siku ambayo hakuitwa, akafika Msambweni. Mbeyu alikuwa barazani, uzi mdomoni.

"Hodi."

"Karibu, fundi. Leo si Ijumaa."

"Najua."

"Basi leo umetangulia kabla ya ugonjwa." Akaukata uzi kwa meno, akaonyesha kwa kidevu upande wa uani. "Pita. Wako huko, na mgonjwa wako."

Shutu akapita, akasimama mlangoni mwa ua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akasahau kuamkia.

Kila nyumba ya kistaarabu pande hizo hujua kufukiza nguo: chetezo chenye makaa kinawekwa chini, tenga linafunikwa juu yake, nguo zinatandazwa juu ya tenga, moshi unapanda na kuzama katika kila uzi. Bi Maimuna alifanya hivyo kila Alhamisi, kuikaribisha Ijumaa. Lakini juu ya tenga lake siku hiyo hapakuwa na nguo. Ilikuwapo mashine ya Mjerumani, imekalishwa vizuri katikati, kifuniko wazi, imefunikwa kanga mpya gubigubi kama bibi arusi. Moshi ulikuwa unaingia kwa matundu ya tumboni na kutokea juu, mzito, wa buluu, wa gharama. Sharif alikuwa kitini kando, na kikombe cha kahawa.

"Karibu, mwanangu," Bi Maimuna akasema, akipepea makaa kwa kipepeo. "Umetukuta katika dawa. Wiki hii nimetia udi maradufu, na kifuniko nimekiacha wazi upate kufika ndani kabisa. Husuda ikitoka humo leo haitarudi."

"Shikamoo, mama," Shutu akasema hatimaye. "Naomba kwanza niitoe juu ya moto. Plastiki na makaa havikai pamoja."

Akaitoa, akaiweka kwenye mkeka, na kwa mazoea tu akaokota plagi na kujifunga waya shingoni, ingawa mashine ilikuwa mbali na umeme kama yeye alivyokuwa mbali na amani. Sharif akamtazama.

"Mama," Shutu akaanza, "kinachoiua mashine nimekipata. Ni moshi."

"Moshi gani? Jiko liko kule nyuma."

"Moshi wa udi."

Kipepeo kikasimama. "Udi wa nani?"

Hapo ndipo mtu mwingine angesema udi wa jirani. "Wako, mama," Shutu akasema.

 Sharif aliinamia kikombe chake kama mtu aliyeona kitu ndani.

"Udi wangu," Bi Maimuna akasema polepole, "una uchafu?"

"Hauna uchafu, mama. Una sukari na mafuta yake, ndiyo maana unakaa nguoni. Lakini lenzi ya mashine ni kama jicho. Moshi ukiganda juu yake, jicho linaziba, mashine haioni kusoma. Mimi nafuta Ijumaa, wewe unafukiza Alhamisi." Akafungua kibweta cha bati, akamnyoshea vijiti vyake kwa mikono miwili. "Hivi ndivyo nilivyovitoa humo ndani."

Bi Maimuna akachukua kijiti cha kwanza kwa vidole viwili, kama kitu kilichotoka kwa mgonjwa kweli. Akakinusa. Akafumba macho.

"Huu ni ule wa arusi ya kwa kina Tembo," akasema. "Nilizidisha mawaridi." Akachukua cha pili. "Huu nilipika siku ya mvua, makaa yakawa mabichi. Unaona? Una ukali kidogo mwishoni." Akachukua cha tatu, akakinusa muda mrefu. "Na huu ni mzuri. Huu ni mzuri sana. Sharif, nusa."

Sharif akanusa, akakubali kuwa ni mzuri.

Bi Maimuna akavitazama vijiti vyote mkononi mwake, na ikawa dhahiri kwamba ametoa ushahidi wote mwenyewe. Shutu alingoja, waya shingoni, kama anayengoja umeme uliobaki uishe.

"Niambie jambo moja," Bi Maimuna akasema. "Wewe umewahi kutengeneza redio ya Bi Sidi, wa Gazi. Naye anapika udi."

"Nimetengeneza, mama."

"Ndani ulikuta nini?"

Shutu akafikiri kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Lakini jibu la kweli lilikuwa moja tu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ukweli ulikuwa rafiki yake. "Vumbi, mama. Vumbi tupu. Udi wa Bi Sidi sijauona ukiganda popote."

Uso wa Bi Maimuna ukafunguka polepole. Akakigeukia kile kijiti cha tatu kwa heshima mpya. "Umeingia mpaka ndani ya mashine ya Ulaya," akasema, zaidi kwa udi kuliko kwa watu, "ukaisimamisha."

"Na husuda je?" Sharif akauliza.

"Husuda ipo palepale. Itatafutiwa dawa isiyo na moshi."

Shutu akaisafisha mashine palepale mkekani, mbele yao wote, taratibu kuliko siku zote, maana kazi ilikuwa kubwa: moshi wa maradufu ulikuwa umefika hata kwenye reli inayosogeza lenzi. Akasema mashine ikikaa chumba kingine siku ya kufukiza, mlango umefungwa, kifuniko kimefungwa, itaishi. Mbeyu alikuwa amekuja kusimama mlangoni mwa ua, tepu ya kupimia nguo mabegani.

Sharif, ambaye hakuwa mjinga, alimwona anavyotazama. "Mbeyu. Wewe ulikuwa humu nyumbani kila Alhamisi."

"Nilikuwapo, mjomba."

"Ulijua?"

"Tangu mara ya pili. Niliitoa ile CD niifute, nikaona inanukia kuliko mimi."

"Na hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza," Mbeyu akasema. "Na ingepona, fundi asingekuja."

Sharif akarudisha macho kwenye kikombe chake. Bi Maimuna alianza kupepea makaa yasiyokuwa na kitu juu yake. Shutu, ambaye alikuwa ameshika pamba yenye spiriti, aliishika hewani mpaka ikakauka.

"Sharti liko palepale," Sharif akasema mwishoni, kwa sababu mjomba lazima aseme jambo. "Ijumaa hadi Ijumaa. Na wewe vua hiyo kamba, tuzungumze kama watu."

Ikapiga. Ijumaa ya kwanza ilipiga mbele ya wanawake wote, na katikati ya wiki ilipiga, na Ijumaa ya pili Sharif aliomba ruhusa hotelini akaja kuketi mbele yake tangu swala mpaka magharibi, akingoja inyamaze. Haikunyamaza. Kasida ilipokwisha ilianza upya, akaisikiliza mpaka akaikinai, akamtuma mtu Ukunda kusema posa iletwe upesi kabla hajaichukia.

Bi Maimuna hakupoteza kitu katika shauri hilo. Wateja wapya walipomuuliza kama udi wake hukaa nguoni, aliwaelekeza kwenye mashine. "Huu," aliwaambia kwa sauti yake laini, "uliingia ndani ya chuma cha Wajerumani ukakizima. Sasa wewe una kanga ya pamba, unauliza." Habari ikafika Gazi, na inasemekana Bi Sidi aliifukiza redio yake mwezi mzima, nayo ikaendelea kupiga bila aibu.

Baada ya arusi Mbeyu alihamia Ukunda na cherehani yake, akakiweka kibanda chake mgongoni mwa kile cha mumewe. Wateja waliendelea kuelekezwa vilevile, kwa mtu aliyejifunga waya shingoni, na kwa muda walipotea, mpaka Trevor akaanza kuwasahihisha. Maana siku hizi Shutu akifungua mashine, shingo yake ni tupu. Plagi inapita juu ya ukuta wa makuti, inashuka upande wa pili, na anayeivaa ni Mbeyu, huku akishona.

Mara ya kwanza Mbeyu alipoichukua, Shutu alipinga kidogo, akasema ile ni sheria yake na ina sababu.

"Nimeisikia," Mbeyu akamwambia, akiizungusha shingoni mwake juu ya tepu ya kupimia. "Lakini mbuzi aliyeoa hajishikii kamba."